Ionides, Bwana Nyama wa Selous

Ndugu msomaji, kama unakaa Morogoro mjini unaijua milima ya Uluguru. Unaiona kila unapotoka nje. Lakini je, umewahi kufika upande wa pili wa milima hiyo? Njia inapita Mkuyuni, Matombo, Mvuha na Duthumi. Inaishia Kisaki na Matambwe. Hapo mashamba yanakwisha, na mbele yako kuna pori.

Pori hilo ni kubwa sana. Lilipokuwa kubwa kabisa lilikuwa na kilometa za mraba 50,000 hivi. Hiyo ni karibu mara 30 ya kisiwa cha Unguja. Lilianzia kusini ya Morogoro, likavuka mto Rufiji, likaenda mpaka Liwale na karibu na Songea. Ndani yake kuna tembo, nyati, simba, viboko na mbwa mwitu. Ukipanda gari moshi la TAZARA kutoka Dar es Salaam, unaweza kuwaona wanyama dirishani kabla ya kufika Kisaki.

Toka mwaka 1922 mpaka 2019 pori lote hilo liliitwa Selous. Leo utasoma habari za mtu aliyelitunza na kulikuza. Jina lake ni Constantine John Philip Ionides. Jina hilo lilikuwa gumu kwa watu wa kusini. Wao walimwita Bwana Nyoka, na sababu yake utaiona mbele.

Jina la pori

Kwanza tuseme kidogo juu ya jina la Selous, maana watu wengi huchanganya.

Frederick Selous alikuwa mwindaji Mwingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuja huku kupigana na Wajerumani, ingawa alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro. Wajerumani walirudi nyuma ya Uluguru, wakajichimbia karibu na mto Mgeta. Mapigano yakaendelea kusini. Tarehe 4 Januari 1917 Selous alipigwa risasi akafa mahali paitwapo Beho Beho, kusini mashariki ya Kisaki. Kaburi lake liko huko huko.

Mwaka 1922 Waingereza walitangaza pori la akiba katika sehemu hizo, wakalipa jina lake. Wajerumani walikuwa wameanza kuweka mapori ya akiba tangu mwaka 1896. Kwa hiyo Selous alitoa jina lake tu. Hakulitunza pori hilo hata siku moja.

Jangili anakuwa mlinzi

Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901. Ukoo wake ulikuwa wa asili ya Ugiriki, nao ulikuwa na mali. Alipelekwa shule nzuri. Lakini tangu utoto alipenda nyoka, wadudu na wanyama kuliko masomo. Baadaye akawa ofisa wa jeshi, akapelekwa India. Katikati ya miaka ya 1920 alihamishiwa Tanganyika, katika jeshi la KAR.

Jeshi halikuwa shabaha yake. Alitaka kuwinda tembo. Akaacha jeshi, akaanza kuuza pembe. Hapa tuseme wazi: Ionides alikuwa jangili. Aliingia Kongo, nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji, akaua tembo bila ruhusa. Pia alijaribu kazi ya kuwaongoza watalii wenye fedha waliokuja kuwinda.

Mwaka 1933 aliingia Idara ya Wanyama ya serikali ya Tanganyika. Mtu kama huyo watu walimwita Bwana Nyama. Labda unashangaa jangili kupewa kazi ya ulinzi. Lakini yeye alizijua njia za majangili zote, maana alizipita mwenyewe. Alijua wanalala wapi na pembe wanazificha wapi.

Akapelekwa Liwale, mji mdogo wa kusini uliokuwa mbali na kila kitu. Wazungu wengi hawakupenda kupangiwa Liwale. Yeye alipapenda akakaa miaka mingi. Hakuoa. Nyumba yake ilikuwa ya kawaida, na nguo zake zilikuwa kuukuu. Fedha zake alinunulia vitabu.

Kazi ya Bwana Nyama

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Watu wengine hufikiri kulinda pori ni kukaa kivulini na bunduki.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutembea. Wakati ule pori halikuwa na barabara za kutosha. Wakati wa kiangazi Ionides alifunga safari na askari wake na wapagazi. Walibeba unga, chumvi, mahema na risasi. Walikwenda majuma mengi kwa miguu. Walifuata mito na vijito, maana pasipo maji safari hufa. Walitazama nyayo na mavi ya tembo. Walitazama majivu ya moto na vichaka vya kukaushia nyama. Kwa dalili hizo walijua wanyama wako wapi, na ni nani mwingine aliyepita. Mvua zikianza walirudi, kwa sababu mito hujaa na nyasi hurefuka kupita kichwa cha mtu.

Kazi ya pili ilikuwa kulinda mashamba. Wewe mkulima unajua tembo anavyoweza kufanya. Kundi moja likiingia usiku katika shamba la mahindi au mtama, asubuhi hakuna kitu. Jasho la mwaka mzima limekwisha. Kwa hiyo askari wa wanyamapori waliwekwa vijijini, nje ya pori la akiba. Tembo akiingia shambani, askari alimfuata akampiga risasi. Ionides mwenyewe aliua mamia ya tembo kwa kazi hiyo. Aliwafuata pia simba wala watu, ambao walitia hofu katika vijiji vingi vya kusini.

Unaweza kuuliza: mlinzi wa tembo anauaje tembo? Fikiri hivi. Tembo ni mnyama mwenye akili, tena ana kumbukumbu. Akipigwa risasi kila anapokaribia mashamba, na akiachwa kwa amani kila anapokuwa porini, hujifunza mpaka uko wapi. Huhama polepole kuingia mahali pa usalama. Huo ndio ulikuwa mpango wa Ionides. Alitaka watu wawe upande mmoja na tembo upande mwingine.

Jambo la tatu katika mapori kama haya ni moto. Sehemu kubwa ya Selous ni miombo yenye nyasi ndefu chini yake. Nyasi hizo zikikauka huungua karibu kila mwaka. Mwanga wa radi, mrina asali au jangili anatosha kuuwasha moto. Lakini moto wa Juni na moto wa Oktoba ni vitu viwili. Mwezi wa Juni nyasi bado zina unyevu. Moto huenda taratibu, huruka sehemu nyingine, wala hauiui miti. Nyasi changa huchipua, na swala na nyati huzifuata. Mwezi wa Oktoba kila kitu ni kikavu na upepo ni mkali. Moto hupanda juu, huua miche na hata miti mikubwa. Kwa hiyo watunzaji wa mapori ya miombo huchoma mapema, kwa vipande, ili moto wa Oktoba ukifika ukose cha kula. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Walichoma mapema kuzunguka vijiji vyao.

Pori lilivyokuwa tupu

Hapa tunafika mahali pagumu katika maisha ya mtu huyu. Wapo wanaopenda kumsifu wakaruka habari hii. Sisi tusiiruke.

Je, pori lile lilikuwa tupu siku zote? Hapana. Watu walikaa humo. Upande wa Liwale walikaa Wangindo. Walilima, waliwinda, walirina asali na kuuza nta.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi, vikaenea upesi. Wangindo waliingia vitani mapema, na boma la Wajerumani la Liwale likachomwa. Wajerumani walilipiza kisasi. Walichoma vijiji, maghala na mashamba. Vita vilikwisha mwaka 1907, lakini njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Nchi nzima ilibaki na watu wachache. Shamba lisipolimwa hurudi kuwa kichaka. Katika kichaka huja wanyama, na pamoja na wanyama huja mbung'o.

Mbung'o huleta malale. Wewe labda umeusikia ugonjwa huo. Mbung'o akimuuma mnyama au mtu mwenye vijidudu, kisha akakuuma wewe, vijidudu huingia katika damu yako. Mgonjwa hupata homa, hukonda, baadaye husinzia mchana, na asipotibiwa hufa. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya Kiingereza iliogopa malale upande wa Liwale. Watu walikaa mbalimbali, kaya mbili hapa, kaya tatu kule. Iliamuliwa wakusanywe katika vijiji vikubwa. Wangefyeka vichaka ili mbung'o akose kivuli, na waganga wangeweza kuwapima wote mahali pamoja.

Basi watu waliambiwa wahame. Waliacha mashamba yao, makaburi ya wazee wao na miembe waliyoipanda. Wengine hawakukubali kwenda mahali walipopangiwa, wakahamia wilaya nyingine kabisa.

Ionides alikuwa na sehemu gani katika jambo hilo? Hakuuleta ugonjwa yeye. Lakini alipoona nchi inaachwa, alitaka isirudiwe. Aliihimiza serikali iingize ardhi ile katika pori la akiba. Alisema ardhi ile haina rutuba, maji yake ni machache, na ng'ombe hawawezi kukaa kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo, kwa maoni yake, haikufaa kitu kingine ila wanyama. Serikali ilikubali. Mpaka wa Selous ukasogezwa mara kwa mara, na pori likawa miongoni mwa mapori makubwa kabisa ya akiba katika Afrika.

Ardhi ile kweli ni ya kichanga na mvua zake si za kutegemewa. Hilo ni sahihi. Lakini watu waliishi humo kwa vizazi vingi, na hakuna aliyewauliza kama wanataka nyumba zao ziwe mahali pa tembo. Mpaka uliandikwa ofisini na watu wachache, kwa lugha ambayo Wangindo wengi hawakuweza kuisoma. Hata baadaye, watu waliotembelea sehemu fulani za pori hilo walikuta miembe mikubwa katikati ya miombo. Mwembe haujipandi wenyewe porini. Palipo na mwembe palikuwa na kaya.

Kwa nini aliitwa Bwana Nyoka

Katikati ya miaka ya 1950 Ionides alistaafu. Alikuwa amemfundisha kazi kijana mmoja, Brian Nicholson, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa pori lile. Yeye mwenyewe akageukia upendo wake wa utotoni, yaani nyoka.

Aliwakamata kwa maelfu, wakiwa hai. Alitumia vijiti vyenye panda na koleo refu. Koboko, swila na kifutu, wote aliwashika. Kule Newala, katika nchi ya Wamakonde, aliwafuata nyoka wa kijani wenye sumu kali juu ya miembe na mikorosho. Aliwatoa pia vifutu wakubwa wa vichakani, ambao hujificha katika majani makavu hata ukapita karibu usiwaone.

Alikuwa na desturi moja iliyompatia jina. Mtu yeyote aliyeona nyoka alimpelekea habari. Ionides alikuja, akamkamata, na aliyempeleka akapewa fedha. Watu walifurahi mara mbili, maana nyoka aliondoka na shilingi zilibaki. Nyoka wengine alivipelekea vyumba vya makumbusho, kama kile cha Nairobi, na vituo vya wanyama vya ng'ambo. Wengine walikamuliwa sumu. Sumu hiyo ndiyo hutengenezewa dawa ya mtu aliyeumwa na nyoka.

Aliumwa mara nyingi, na baadhi ya vidole vyake viliharibika. Usimwige! Nyoka ukimwona, mwache aende zake, au mwite mtu anayejua kazi hiyo. Wataalamu wamewapa jina lake baadhi ya viumbe alivyovigundua, na kimojawapo ni kiumbe kama mnyoo mkubwa, chenye asili ya mijusi, kinachokaa ardhini upande wa Liwale.

Ionides alifariki Nairobi mwezi Septemba 1968. Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana miaka 7 kabla. Hakuzikwa Uingereza. Alizikwa katika pori la Selous, karibu na mlima Nandanga, katika nchi aliyoitembea kwa miguu.

Pori baada yake

Mwaka 1976, miaka 8 baada ya kifo chake, tembo wa Selous na mapori ya jirani walihesabiwa kwa ndege. Walikutwa zaidi ya 100,000. Mwaka 1982 pori hilo likaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Kisha majangili wakaja kwa wingi. Hawakuwa na magobori ya zamani. Walikuwa na bunduki za kivita, na nyuma yao walikuwapo wafanya biashara wenye fedha nyingi. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai, jeshi likaingia porini, na tembo wakaanza kuongezeka tena. Lakini ujangili ulirudi, na hesabu ya mwaka 2014 ilikuta tembo 15,000 hivi tu. Fikiri mwenyewe: kati ya tembo 7 waliokuwapo mwaka 1976, alibaki 1.

Ionides aliamini kwamba pori hulindwa kwa kuwaweka watu mbali nalo. Lakini jangili hapiti mbinguni. Hupita kijijini, hula kijijini, na mara nyingi huonyeshwa njia na mtu wa kijijini. Mwanakijiji ambaye tembo amemlia mahindi, na ambaye hapati hata kipande cha nyama kutoka porini, ana sababu gani ya kutoa habari kwa askari?

Watu wa Morogoro ni miongoni mwa waliojaribu njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya upande wa Kisaki, Mvuha na Duthumi vilianza kushirikiana na watunzaji wa Selous. Vijiji vilitenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama. Viliteua askari wao wenyewe. Vilipewa idadi ya wanyama wa kuwinda, na nyama ikauzwa kijijini kwa bei nafuu. Baadaye vikaunda jumuiya iitwayo Jukumu. Matatizo hayakukosekana. Kulikuwa na ugomvi juu ya fedha, juu ya mipaka, na juu ya tembo ambao hawajui jumuiya ni nini. Lakini safari hii wenye ardhi walikaa mkutanoni.

Mwaka 2019 serikali iligawa pori la Selous. Sehemu ya kaskazini, ile inayopakana na Morogoro, pamoja na Beho Beho na kaburi la Selous, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Humo uwindaji hauruhusiwi kabisa. Kwenye mto Rufiji limejengwa bwawa kubwa la umeme, nalo pia limepewa jina la Nyerere. Sehemu nyingine imebaki pori la akiba, na bado inaitwa Selous. Na kaburi la Bwana Nyoka liko Nandanga.